Shajara ya mradi: kutoa namba kwenye hifadhidata bila kupoteza desimali

Jumatatu

Kazi iliyo mbele yetu ni kuhamisha kumbukumbu za mikopo, akiba na hisa za ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Nairobi kutoka kwenye hifadhidata ya zamani ya SQL Server hadi mfumo mpya unaotumia PostgreSQL. Njia iliyokubaliwa na pande zote ni faili za maandishi za CSV, ambazo hutenga safu kwa mikato, kwa sababu mkaguzi wa hesabu anataka kubaki na nakala anayoweza kuifungua na kuisoma bila kutegemea programu ya mtu yeyote. Sharti nililoliandika juu kabisa ya mpango wa kazi ni kwamba kila namba itoke kwenye hifadhidata ikiwa na tarakimu zake zote, wala isikadiriwe njiani. Kukadiria ni uamuzi wa mhasibu, una kanuni zake na una mahali pake; amri ya kutoa data haina mamlaka hayo.

Nimeanza kwa kuipitia amri iliyokuwa ikitumika zamani kutengeneza taarifa za mwezi. Inaunganisha safu zote za jedwali la mikopo kuwa mstari mmoja wa matini, na ili iweze kuziunganisha inageuza kila namba kuwa matini kwa CAST, amri ya kubadili aina ya data, bila maelekezo mengine yoyote. Kwa safu za aina ya decimal, inayohifadhi namba katika mfumo wa kumi, hilo halina madhara, kwa kuwa tarakimu zote hutoka kama zilivyo. Riba iliyolimbikizwa, hata hivyo, imehifadhiwa kama float, aina inayohifadhi namba kwa makadirio ya karibu, na maelezo rasmi ya SQL Server yanasema wazi kwamba float ikigeuzwa kuwa matini pasipo kutaja mtindo (namba inayoelekeza umbo la matini), hutoka na tarakimu 6 tu kwa wingi wake, na namba ikiwa kubwa huandikwa kwa kipeo. Nimejaribu namba 2748316.45 na imetoka 2.74832e+006, yaani 2.74832 mara milioni moja. Atakayeisoma upande wa pili ataipata 2748320, yaani shilingi 3 na senti 55 ambazo hakuna mwanachama aliyezikopa wala karani aliyeziandika.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni namna kasoro hii inavyojificha. Salio la 9812.35 lina tarakimu 6 kamili, kwa hiyo linapita salama. Salio la 53418.72 linatoka 53418.7, na mtu anayepitisha macho haraka atadhani ni senti 70 zilizoandikwa bila sifuri. Maana yake ni kwamba mtu akijaribu uhamishaji kwa akaunti chache ndogo, za wanachama waliojiunga juzi kwa mfano, kila kitu kitalingana hadi senti ya mwisho, naye atatia sahihi kwamba kazi imekamilika. Kasoro itaonekana kwa wenye mikopo mikubwa peke yao. Kwa hiyo nimeagiza kwamba sampuli yoyote ya majaribio katika mradi huu ichukue akaunti kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, zenye salio hasi, na zenye sehemu ya desimali iliyo ndefu kuliko nyingine, kabla ya kuchukua hata akaunti moja ya kubahatisha.

Jumanne

Leo ni zamu ya safu za aina ya money. Aina hii huhifadhi tarakimu 4 baada ya nukta, lakini ikigeuzwa kuwa matini kwa mtindo wa kawaida hutoka na tarakimu 2 tu, zikiwa zimekadiriwa. Mtu akitaja mtindo namba 1, zinabaki mbili zilezile na juu ya hapo inaongezwa mikato ya kutenga maelfu, ambayo ndani ya faili ya CSV inageuka kuwa mipaka ya safu na kuuvuruga mstari mzima. Mtindo unaotufaa ni namba 2, ambao hutoa tarakimu zote 4 bila mikato.

Katika kikao cha asubuhi mwenzangu mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kama tarakimu ya tatu na ya nne zina faida yoyote ilhali hakuna anayelipwa sehemu ya senti. Nilimjibu kwa hesabu ya mkopo wa kawaida. Mwanachama mwenye kibanda Gikomba amekopa shilingi 87,500 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Riba ya siku moja ni 8,750 gawanya kwa 365, yaani 23.9726027 na kuendelea. Hifadhidata ya zamani inahifadhi 23.9726. Mfumo mpya ukipokea namba hiyo na kuizidisha kwa siku 365 utapata 8,749.999, ambayo ikikadiriwa mwishoni ni 8,750 kamili. Ukipokea 23.97, utapata 8,749.05, na senti 95 zimepotea kwa mkopo mmoja kwa mwaka mmoja. Tarakimu hizo mbili hazimfikii mwanachama mkononi kamwe, lakini ndizo zinazoamua shilingi anayolipa.

Jambo hilohilo lipo kwenye akaunti za wanachama walio ng'ambo wanaoweka akiba kwa dola. Benki Kuu ya Kenya hutangaza viwango vya kubadilisha fedha vikiwa na tarakimu 4 baada ya nukta. Tuchukue kwa mfano kiwango cha 129.2437, kikikatwa kuwa 129.24, amana ya dola 25,000 inapungua shilingi 92 na senti 50. Safu ya viwango ni ya decimal, kwa hiyo haikuwa na hitilafu, ila nimeiandika hapa ili asije mtu akaifupisha baadaye kwa kutaka faili ipendeze.

Jumatano

Siku yote imekwenda kwenye float, na sijutii muda huo.

Tangu toleo la 2016, SQL Server ina mtindo namba 3 wa kugeuza float kuwa matini, ambao hutoa tarakimu 17 daima na unahakikisha kwamba namba mbili tofauti haziwezi kutoka zikiwa na maandishi yaleyale. Niliutumia kwenye safu ya viwango vya riba na kuipeleka faili kwa mhasibu mkuu, naye akaniita ofisini kwake. Alikuwa amezungushia duara la kalamu nyekundu mstari mmoja: 1.0000000000000001e-001.

“Mwanangu, mkopo huu ni wa asilimia kumi. Hiki kimoja cha mwisho kimetoka wapi?”

“Kimo ndani ya hifadhidata, Mama. Tangu siku kiwango kilipoingizwa, hakijawahi kuwa asilimia kumi kamili.”

“Basi tumekuwa tukiwatoza watu zaidi?”

Swali lake lilistahili jibu kamili, nami nilimpa kama ninavyoliandika hapa. Aina ya float yenye biti 64 hufuata kiwango cha IEEE 754 kilichotolewa mwaka 1985, ambacho kinaipa namba biti 53 za tarakimu zake katika mfumo wa binari, yaani wa 0 na 1 peke yake. Theluthi moja haiishi kuandikwa katika mfumo wa kumi, kwa kuwa ni 0.333 bila kikomo. Vivyo hivyo sehemu moja ya kumi haiishi kuandikwa katika binari. Kompyuta inapofika biti ya mwisho inachukua namba iliyo karibu zaidi, na kwa 0.1 namba hiyo ni 0.1000000000000000055 na kuendelea. Ukiiandika kwa tarakimu 17 unapata kile kimoja cha mwisho. Kuhusu kutozwa zaidi, tofauti hiyo ni ndogo mno hata kwa mkopo mkubwa kuliko wote tulio nao, na hesabu zetu hukadiriwa hadi senti kabla ya kumfikia mwanachama, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Hata hivyo alikuwa na haki ya kukikataa kile kimoja, kwa sababu hakuna kikao cha halmashauri kilichowahi kupitisha kiwango hicho.

Hapo ndipo tulipopata kanuni ambayo naona ni matokeo makubwa zaidi ya mradi huu hadi sasa. Float zetu ni za aina mbili, ingawa hifadhidata haizitofautishi. Kuna zile zilizoandikwa na mtu, kama viwango vya riba vilivyopitishwa kwenye mkutano, na kuna zile zilizokokotolewa na mashine, kama riba iliyolimbikizwa. Namba ya mfumo wa kumi isiyozidi tarakimu 15 ikiingia kwenye float ya biti 64 inaweza kurudishwa kuwa ileile iliyoandikwa, mradi isomwe kwa tarakimu hizohizo. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa na mtu tutakigeuza kwanza kuwa decimal yenye tarakimu 6 baada ya nukta, ambazo zinazidi tarakimu za kiwango chochote kilichowahi kupitishwa na ushirika, ndipo kiwe matini, kitatoka 0.100000, na hiyo ndiyo namba ambayo wanachama waliikubali. Namba iliyokokotolewa na mashine haina maandishi ya asili ya kurudia, kwa hiyo itatoka na tarakimu zote 17, hata kama haipendezi machoni, kwa sababu chini ya hapo kuna uwezekano wa float mbili tofauti kugeuka kuwa matini moja.

Mhasibu mkuu aliipitia orodha ya safu zote za float na kuandika mbele ya kila moja ni ya kundi gani. Hiyo ni kazi ambayo mtaalamu wa kompyuta hawezi kuifanya peke yake, maana jibu halimo ndani ya hifadhidata bali limo kwenye kumbukumbu za mikutano na kwenye kichwa cha mtu anayezijua hesabu za ushirika tangu zamani.

Alhamisi

Asubuhi faili mojawapo ya jana ilirudi kutoka ofisi ya pili ikiwa imefupishwa, na amri ya kutoa data haikuhusika. Ilikuwa imefunguliwa kwenye Excel ili itazamwe, kisha ikahifadhiwa. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba na kuzigeuza zinazobaki kuwa sifuri, kwa hiyo namba yetu ya tarakimu 17 imepunguzwa, na namba za kumbukumbu zenye tarakimu 16 zote zimeishia na sifuri. Sifuri za mwanzo kwenye namba za simu zimeondoka. Tena, inapohifadhi CSV, Excel huandika kile kinachoonekana kwenye kisanduku. Mtu akiwa amepanga safu ionyeshe desimali 2, desimali 2 ndizo zitakazoandikwa, na zilizobaki hazirudi tena.

Simlaumu aliyeifungua, kwani kutazama faili ndiyo kazi aliyopewa. Tumeamua kwamba anayetaka kutazama atapewa nakala ya pili iliyotengenezwa kwa ajili ya macho, yenye desimali 2 na mikato ya maelfu, na jina lake litasema hivyo. Faili ya uhamishaji itafungwa isiandikwe juu yake, na itaambatana na alama yake ya SHA-256, inayokokotolewa kutokana na maudhui yote ya faili. Tarakimu moja ikibadilika ndani ya faili, alama itakayopatikana upande wa kupokea haitalingana na ile tuliyoituma, na upakiaji hautaanza.

Ijumaa

Maelezo ya faili yamekamilika. Kiwango cha CSV kilichoandikwa kwenye RFC 4180 mwaka 2005 hakisemi lolote kuhusu aina ya namba, kwa hiyo ni juu yetu kusema. Ukurasa mmoja unaotangulia kila faili unataja jina la safu, aina yake ya asili, idadi ya tarakimu baada ya nukta, namna thamani tupu inavyoandikwa ili isichanganywe na sifuri, na kwamba nukta hutenga desimali huku maelfu yasitengwe kwa alama yoyote. Jambo la mwisho linaonekana dogo kwetu tuliozoea nukta, lakini seva iliyopangwa kwa desturi ya Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta, na tusingependa kuligundua hilo baada ya kupakia.

Jumatatu ya juma la pili

Upande wa kupokea una mtego wake. Safu ya PostgreSQL iliyotangazwa kuwa numeric(19,4), yaani namba ya mfumo wa kumi yenye tarakimu 19 kwa jumla, 4 zikiwa baada ya nukta, ikiletewa 23.97260273 inahifadhi 23.9726 bila kulalamika. Hulalamika pale tu tarakimu za kabla ya nukta zinapozidi nafasi. Za baada ya nukta hukadiriwa kimyakimya. Mtu anayepakia moja kwa moja kwenye jedwali la mwisho hana njia ya kujua kama kuna kilichopotea, kwa sababu upakiaji utafaulu.

Kwa hiyo tunapakia kwanza kwenye jedwali la muda ambalo safu zake zote ni za matini. Hapo tunaigeuza kila namba kuwa numeric isiyo na kikomo cha desimali, na kwa kutumia scale() tunahesabu tarakimu zilizo baada ya nukta na kuzilinganisha na zile zilizotajwa kwenye ukurasa wa maelezo. Mstari wowote wenye tarakimu zaidi ya zilizotajwa unasimamishwa na kupelekwa kwa mtu. Ni baada ya hapo tu data inaingia kwenye majedwali ya kudumu. Numeric inafaa hapa kwa sababu nyingine pia: hutunza hata sifuri za mwisho, kwa hiyo 129.2400 hubaki 129.2400, na anayeisoma anajua kwamba kiwango kilipimwa hadi tarakimu ya nne.

Programu yetu ya ukaguzi imeandikwa kwa Python, na hapo pia pana kona. Maktaba ya pandas ikisoma CSV pasipo kuelekezwa hugeuza safu za desimali kuwa float, na kazi yote ya juma lililopita ingepotea kwa mstari mmoja. Tumeilazimisha isome kila safu kama matini, kisha Decimal, aina ya Python ya namba za mfumo wa kumi, ikatengenezwa kutokana na matini hayo. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa Decimal ikitengenezwa kutoka kwenye float ya 0.1 inabeba ule mkia mrefu tuliouona Jumatano.

Tulijadili pia namna ya kukadiria pale inapobidi, yaani kwenye taarifa ya mwanachama. PostgreSQL ikikadiria numeric ya 2.5 kuwa namba nzima inatoa 3, lakini thamani hiyohiyo ikiwa double precision, yaani float ya biti 64, inatoa 2, kwa sababu ile ya pili huelekea namba shufwa iliyo karibu. Python ikikadiria 0.125 hadi desimali 2 kwa round inatoa 0.12, ilhali SQL Server na karani mwenye kikokotoo watakwambia 0.13. Mhasibu mkuu ameamua kwamba nusu ipande juu kila mara, na uamuzi huo umeandikwa mahali pamoja ndani ya mfumo mpya, wala hakuna programu nyingine inayoruhusiwa kukadiria.

Jumatano

Leo tumelinganisha jumla. Jumla za udhibiti zimekokotolewa kwa decimal upande wa zamani na kwa numeric upande mpya, kwani ukijumlisha float, mpangilio wa mistari unaweza kubadilisha tarakimu za mwisho na ukabaki ukitafuta tofauti ambayo si ya mtu yeyote. Mikopo, akiba na hisa zimelingana hadi tarakimu ya nne.

Mwenzangu aliridhika na hilo. Mimi niliomba tuendelee hadi mstari kwa mstari. Jumla inaweza kulingana huku makosa mawili yakifutana, moja likipanda na jingine likishuka. Na pale makosa yanapoelekea upande mmoja, udogo wake haumlindi mtu. Soko la hisa la Vancouver nchini Kanada lilianzisha kipimo chake mwaka 1982 kikiwa 1000. Kila kilipokokotolewa upya, tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zilikatwa badala ya kukadiriwa, na kufikia Novemba 1983 kilikuwa kimeshuka hadi karibu 524.811. Kilipokokotolewa sawasawa kilisomeka 1098.892. Hakuna muamala mmoja ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole, kwani kila mmoja ulipoteza chini ya elfu moja ya kizio.

Kwa hiyo tumefanya safari ya kwenda na kurudi: data iliyopakiwa kwenye jedwali la muda imetolewa tena na PostgreSQL, ikiwa numeric, kwa mpangilio uleule na mikato ileile, kisha faili hiyo ikalinganishwa na ile ya kwanza baiti kwa baiti, baada ya kusawazisha alama za mwisho wa mstari, ambazo Windows na Linux huziandika tofauti. Jedwali la akiba na la hisa yamerudi yaleyale. Jedwali la mikopo limetofautiana kwenye safu ya riba iliyolimbikizwa peke yake, ambako maandishi yenye kipeo yamerudi yakiwa yameandikwa kwa urefu, bila kipeo. Thamani ni ileile, maandishi ndiyo tofauti, na kwa safu hiyo ulinganisho utafanywa kwa Decimal badala ya baiti.

Alhamisi

Mkaguzi amepokea faili, kurasa za maelezo na alama za SHA-256. Ameomba nyongeza moja nzuri: kwa kila safu ya float, ukurasa wa maelezo utaje pia kama thamani iliandikwa na mtu au ilikokotolewa, na nani aliyeamua hivyo. Nimeinakili orodha ya mhasibu mkuu kama alivyoiandika.

Safu moja bado imesimamishwa. Ni ya magawio ya miaka ya nyuma, ambayo ni float, na ndani yake kuna viwango vilivyopitishwa mkutanoni vikiwa vimechanganyika na vingine vilivyokokotolewa kutokana na faida ya mwaka. Haiwezi kuingia kundi moja kwa jumla. Mhasibu mkuu anaipitia mwaka kwa mwaka akiwa na daftari la kumbukumbu za mkutano mkuu mkononi, na hadi atakapomaliza, safu hiyo itatolewa kwa tarakimu 17 na kubaki kwenye jedwali la muda.